Kadi yangu ya mshahara iko kwa mkopeshaji, na mimi ndo nakaa kaunta

Shikamoo Anti. Naomba jina langu na kituo changu visitajwe, hata wilaya msiiseme, sisi huku tunajuana.

Mimi ni binti wa miaka 24, askari polisi, konstebo. Nimemaliza depo Moshi mwaka jana nikapangiwa Kanda Maalum ya Dar es Salaam. Kwetu ni Singida, mimi ndo wa kwanza na nyuma yangu wako wanne. Siku ya kufunga mafunzo baba alisafiri usiku kucha akaja, tulivomaliza gwaride akanishika bega akasema "sasa naweza kuzeeka." Basi. Ila hilo neno Anti silali nalo vizuri.

Nimefika Dar na tranka langu, kota zimejaa, ikabidi nitafute chumba mtaani. Nikapata Buza, elfu sabini kwa mwezi, choo cha kushea, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 420,000 na mimi hapo sijashika hata mshahara mmoja. Alivojua ni askari akafurahi kweli, hakupunguza hata mia, ila wapangaji wakizichapa saa nane za usiku mlango unaogongwa ni wangu.

Mwenzangu mmoja kazini akanipeleka kwa mama mmoja anakopesha. Hana ofisi wala bango, anakopesha sebuleni kwake. Akanipa laki sita, riba asilimia 30 kwa mwezi, dhamana ni kadi yangu ya benki na namba ya siri. Nikalipa kodi, nikanunua godoro, mtungi mdogo wa gesi na neti, kilichobaki nikamtumia mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tano.

Tangu hapo mshahara wangu anauona yeye kwanza. Ukiingia tu jioni ananipigia tukutane ATM. Anakuja na pochi ndogo nyeusi, humo ndani kuna kadi zinafika kumi na tano zimefungwa na raba bendi, kila kadi imebandikwa plasta, ile ya kidonda, na jina limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Anachomoa yangu, anatoa hela, anahesabu 180,000 yake, inayobaki ananipa mkononi, kadi inarudi kwenye raba bendi. Mimi nimesimama pembeni, siku nyingine natoka zamu, gwanda nimeivalia sweta juu ili watu wasijue. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze kumlipa. Na ile laki sita iko vilevile, maana 180 ni riba tu.

Mshahara ukishakatwa na posho ya chakula ikiwekwa juu yake inaingia kama 620,000. Toa hiyo ya mama mkopeshaji, nyumbani natuma laki moja, kodi naweka elfu 70 pembeni ili miezi sita ikirudi isinikute kama ile ya kwanza, dukani kwa Mangi namalizia deni la mwezi kama 90. Nabaki na 180,000 ya kula, tokeni, maji ya ndoo, vocha, mafuta, pedi, nauli siku ambayo sijavaa gwanda, na michango ya kazini, leo harusi kesho msiba. Tarehe 15 haifiki naanza tena kwa Mangi.

Baba haelewi. Mei Mosi alisikia redioni serikali imepandisha mishahara kwa asilimia 35, Julai yote alikuwa ananiuliza "imekuja?" Nikamwambia baba sio hivo, akanyamaza, afu nikasikia kwa mama kwamba anasema nimepata mwanaume wa mjini ndo anakula hela.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita niko kaunta ya kituo, kaja mama mmoja mtu mzima, kanga kajifunga kiunoni, kashika mfuko wa nailoni una karatasi zimekunjwa. Analalamika kuna mkopeshaji kamfuata na vijana wamebeba cherehani na friji yake kwa deni la laki mbili na nusu. Nikamuuliza jina la mkopeshaji. Ni yeye. Huyuhuyu mwenye kadi yangu. Mkono ulitetemeka ila nikaandika, nikampa RB yake, ile namba ya taarifa, akaondoka. Haijafika hata saa moja meseji ikaingia kwenye simu yangu: "Mwanangu nasikia kuna mtu kaja hapo kunichafua. Mimi na wewe tunaelewana."

Yule mama amekuja tena mara mbili kuulizia, nikamwambia mpelelezi katoka. Sijui nifanyeje.

Wenzangu wananiambia mimi ndo mzembe, kaunta ina hela bwana, mtu anakaa zamu anarudi na elfu ishirini. Nyuma ya kiti changu ukutani pameandikwa dhamana ni bure. Nisikudanganye, mara moja ndugu wa mtuhumiwa alinibandikia elfu tano kwenye kitabu nikaichukua, nikanunulia mkate na maziwa nikala palepale. Sikuichukua tena ila sijui kama ntaweza kuendelea hivo.

Nafikiria vitu vitatu: niombe uhamisho mkoani ambako maisha ni rahisi, au nichukue mkopo mkubwa wa benki nimalize yote, au niache kazi nirudi nyumbani. Naomba usiniambie nijibane, nimeshajibana mpaka basi.

Konstebo, Dar

* * *

Marahaba mwanangu. Nijibane sikuambii. Mtu anayenunua maji kwa ndoo na kuweka kodi ya elfu sabini pembeni kila mwezi hana darasa la kujibana analohitaji kutoka kwangu.

Hela ni ndogo, tukubaliane hapo kabisa, nisije nikaonekana nakubembeleza. Chumba Dar, familia ya watu sita nyuma, na kazi ambayo huwezi kurudi jioni ukafungua genge mlangoni, na hata ungefungua, nani angekuuzia dagaa akadai hela yake kwa askari. Kijana wa umri wako aliyeajiriwa duka la simu Kariakoo anaweza akalala kwa rafiki miezi mitatu na hakuna atakayeshangaa, wewe siku ya kwanza tu unatakiwa uwe na anuani, pasi na viatu vinavyong'aa.

Ila nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikiisoma naona umeniletea matatizo mawili ukayafunga kwenye kifurushi kimoja ukakiita mshahara. Moja ni hela. La pili umelitaja kwa mstari mmoja ukakimbia: "nikamwambia mpelelezi katoka." Mpelelezi alikuwa ametoka kweli? Usinijibu mimi. Nauliza kwa sababu elfu tano ya mkate umeieleza mpaka ulivyokula, halafu hili la yule mama ukalipita kwa haraka kama mtu anayepita kwenye nyumba ya anayemdai. Nahisi hili ndo linalokunyima usingizi, kuliko lile neno la baba.

Tuanze na hela kwanza, maana hiyo ina hesabu.

Miezi saba mara 180,000 ni 1,260,000. Umeshalipa laki sita mara mbili na zaidi kidogo, na bado unadaiwa laki sita. Karibu theluthi ya kila kinachoingia inaishia kwenye ile pochi nyeusi. Wewe ni mtumishi wa umma, unaijua ile kanuni ya makato, kwamba mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Lakini kanuni hiyo inalinda kile kinachopita kwenye slipi. Deni lako halipo kwenye slipi, lipo mlangoni mwa ATM saa kumi na mbili jioni, hakuna mhasibu anayeliona. Hicho ndicho wanachouza hawa kina mama na kina baba wa kausha damu, usiri, na usiri wanauuza ghali. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu chini ya ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, riba yake ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki sita hiyo ni 21,000. Wewe unatoa 180,000. Chukua kalamu uziandike namba hizo mbili zikae jirani, halafu uniambie kama kweli tatizo lote ni ukubwa wa mshahara.

Swali lingine dogo. Hizo kadi kumi na tano zenye plasta, umewahi kusoma majina? Huyo mwenzio aliyekupeleka sebuleni kwa huyu mama, ya kwake iko wapi? Na ile meseji iliyoingia kabla hata saa moja haijaisha, aliambiwa na nani? Sitaki kukutia wasiwasi na watu unaofanya nao kazi, ila wewe umeandika kama vile ni wewe peke yako umekwama jeshi zima, na mimi nikiziangalia hizo plasta naona hadithi nyingine.

Sasa zile njia zako tatu. Uhamisho: kadi haiombi uhamisho mwanangu. Hata ukipelekwa Kigoma, mshahara ukiingia huyu mama anatoka zake nyumbani anaingia ATM anatoa, tofauti ni kwamba hutakuwepo pembeni kupewa inayobaki, atakutumia akijisikia. Kwa hiyo uhamisho unaweza ukawa mzuri kwa kodi na chakula, lakini sio kabla ya kadi kurudi. Kuacha kazi sitakudharau kwa kulifikiria, wapo walioacha na wanaishi vizuri, ila ukiacha leo unaondoka na deni lote, slipi huna, na yale ya baba unaenda kuyakuta sebuleni ana kwa ana.

Mkopo wa benki nao una utamu na miba. Riba yake ukiiweka na ya huyu mama ni mbingu na ardhi, hapo sikatai. Tatizo watakupimia uwezo wako sio shida yako, unaenda na shida ya laki sita unatoka na milioni sita ya miaka mingi, kwa sababu afisa mikopo kakuambia "unastahili." Wewe na miaka 24, una ndoa mbele, una watoto, una kiwanja unachokiota, na makato yanakusubiri kwenye kila kimoja. Kama utaenda benki basi nenda na namba yako kichwani na uikatae ile ya kwao. Njia nyingine ni SACCOS yenu wenyewe, ile URA, Usalama wa Raia. Huko unaanza kwa kuweka akiba ndo uje ukope, kwa hiyo haitakuokoa mwezi huu, na mtu mwenye haraka anaiona inachelewa. Ila waulize, na uulize mwenyewe kwenye ofisi yao, usimtume yule mwenzio. Zile programu za simu zisikuite kabisa, Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilizifungia 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na zile zinawapigia mpaka wakwe zako.

Kuna njia ambayo hukuitaja na imenishangaza. Kadi ni yako. Au tuseme ya benki, lakini sio ya huyu mama hata kidogo. Unaweza ukaingia tawini kesho ukiwa na kitambulisho, ukaomba ile ifungwe upewe nyingine na namba mpya ya siri, shughuli inaisha kabla ya zamu ya mchana. Mbona hujafanya? Nadhani nalijua jibu, unaogopa atakuja kituoni apige kelele. Anaweza, siwezi kukuahidi hatokuja. Huenda ana karatasi uliyosaini, ana mdomo, na anajua unapokaa. Lakini na yeye afikirie mara mbili, mtu anayekopesha bila leseni na kushikilia kadi kumi na tano za watu akaja kituo cha polisi kudai riba ya asilimia 30, anakuja kujieleza mbele ya nani? Simwiti mwizi, laki sita yake alikupa na ukaitumia, na kama utataka mzungumze naye juu ya kile unachoamini bado ni haki yake, mtafute mtu mzima akae katikati au wale wanasheria wa msaada wa bure kama TAWLA au LHRC wakusomee hiyo karatasi kwanza kama ipo. Wengi hulainika wakiona upande wa pili kuna mtu anajua kusoma. Wengine wanakuwa wabishi zaidi. Huyu wa kwako umemwona miezi saba, mimi sijamwona.

Na hapo ndipo kile kifurushi kinafunguka, kwa sababu huwezi kuongea naye habari ya deni lako bila habari ya cherehani kuingia. Ile meseji yake sio ya kishangazi mwanangu. "Mimi na wewe tunaelewana," ameshaiweka bei. Hajakupa elfu tano juu ya kitabu, lakini kuna kitu anakununulia hapo na wewe unakijua kuliko mimi, maana ndo kazi yako. Nimeona una hofu sana ya kuja kuwa askari wa kuchukua hela kwenye dhamana, na hofu hiyo naiheshimu, elfu tano uliyoila na maziwa ikakukaa kooni mpaka leo ni dalili kwamba koo lako bado linafanya kazi. Ila wakati unalinda mlango huo, kuna mwingine umeachwa wazi nyuma.

Mama wa watu cherehani ndo mshahara wake. Nawaza hiyo laki mbili na nusu nayo ilianza na shilingi ngapi.

Unaweza ukakaa kimya mpaka deni liishe. Wapo watakaokushauri hivyo, na sio watu wabaya, watakuambia usijichome. Hatari yake ni kwamba deni lako halina siku ya kuisha, umeona hesabu, na kila mara yule mama wa cherehani akirudi utamwambia kitu kingine. Na siku jalada likifika mkononi mwa mtu mwingine, simu ya mkopeshaji ikakaguliwa, ile meseji ina namba yako.

Au unaweza ukaenda kwa mkuu wa kituo, ama kama unaona shida kuanzia kwake, kwa afande mwanamke mwenye cheo unayemwamini akupeleke, ukasema neno moja fupi: huyu anayelalamikiwa nadaiwa naye, naomba nisihusike na shauri hili. Huna haja ya kueleza godoro na neti. Watakuuliza maswali, hilo lazima, unaweza ukaandikishwa maelezo, PGO, zile kanuni za polisi, unazijua wewe, na maneno yatatembea kituoni wiki mbili mpaka wapate ya mtu mwingine. Nahisi unawaza kwamba mkuu wako akijua tu basi kazi imekwisha. Amewahi kukutamkia hivyo, au ni sauti ya depo bado inalia kichwani? Mimi nimeongea na askari wastaafu wengi kwenye misiba na harusi za hapa mjini, hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kuwa konstebo mwenye deni kwa Mangi. Ila mkuu wako simjui. Kuna wanaosikiliza na kuna wanaofoka, wewe ndo unamsalimia kila asubuhi.

Tumebaki na mzee. Hapa nitakugombeza kidogo, ugomvi wa upendo. Unasema baba haelewi. Umempa kitu gani akielewe? Ile asilimia 35.1 aliyoisikia ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, lakini redio haiingii kwenye slipi ya kila mtu, na mzee wa Singida anayesikia "serikali imepandisha" atajuaje? Hajui kodi ya Buza, hajui maji ni ndoo, anamjua binti aliyemwona kwenye gwaride, mrefu, viatu vinawaka, na huyo binti hakuwahi kumwambia siku hata moja kwamba alianza kazi kwa laki sita ya kukopa. Pengo hilo likijazwa na mwanaume wa mjini usimshangae, lazima lijazwe na kitu.

Najua unachoogopa, kwamba ukimwonyesha slipi utakuwa umemnyang'anya ule uzee aliouomba. Inawezekana ikamuuma. Inawezekana pia akaja kuuza mbuzi wawili akakutumia, wazee wa namna hiyo nawajua, na hilo huenda ndo unaloliogopa zaidi kuliko hata kumuumiza. Laki moja unayotuma usiikate ghafla bila neno maana hapo huyo mwanaume wa mjini atapata na jina kabisa. Lakini kama kuna mtu wa kuanzia naye, mama anaonekana ni mlango, yeye ndo amekuletea maneno ya baba, kwa hiyo anaweza akapeleka na ya kwako. Ukipata likizo nenda nayo hiyo slipi kwenye begi. Uitoe usiitoe utajua ukishafika, ukishakula, mkiwa mmekaa nje jioni.

Sijakuambia uanze na lipi, na sitasema, kwa sababu wewe ndo utakayeamka kesho na kuingia zamu. Ninachokuomba ni kitu kimoja, tarehe ya mshahara ikifika mwezi huu, hata kama hujafanya lolote kati ya haya, niandikie tena. Niambie kadi iko kwa nani, na kama yule mama wa mfuko wa nailoni amerudi, mlimjibu nini.

Anti